Maisha ya Ibn Khaldun, na maneno yake juu ya kugeuka kwa viumbe, sanaa na desturi

Abdurrahman bin Muhammad, ambaye ulimwengu wote humjua kwa jina la babu yake wa zamani, Ibn Khaldun, alizaliwa katika mji wa Tunis siku ya mwanzo ya Ramadhani mwaka 732 H., nao ni mwezi wa Mei mwaka 1332. Asili ya jamaa zake ni Hadhramaut, nao wakijinasibisha na Sahaba Wail bin Hujr, Mwenyezi Mungu amwie radhi. Basi mtu wa pwani ambaye babu yake alishuka chomboni kutoka Shihiri au Mukalla hatamwona mtu huyu kuwa ni mgeni. Alikuwa mtoto wa watu kama wale, waliotoka katika bonde lile kavu wakaenda kuweka kitako nchi za mbali. Illa wao hawakufuata kaskazi na kusi, walifuata njia ya magharibi pamoja na majeshi ya Waarabu hata wakafika Andalusi. Wakakaa Carmona, kisha wakahamia Sevilla, ambao Waarabu wakiuita Ishbilia, wakapata huko jaha na madaraka kwa vizazi vingi. Wakristo walipokaribia kuutwaa mji huo, nao waliutwaa mwaka 1248, jamaa hawa wakahama na mali waliyoweza kuichukua, wakavuka bahari mpaka Ceuta, na mwisho wakatulia Tunis.

Babu zake walikuwa watu wa kazi za serikali, lakini baba yake aliziacha kazi hizo akashika elimu. Akamlea mwanawe kwa Kurani, akaihifadhi na kuisoma kwa visomo saba, kisha akamtia katika nahau, fiqhi ya Imamu Malik, Hadithi na mashairi. Mwaka 1347 Sultani Abul Hasan wa Fez aliiteka Tunis, akaja na kundi la wanavyuoni wakubwa wa Maghribi. Miongoni mwao alikuwamo Shekhe al-Abili, mjuzi wa mantiki, hesabu na falsafa. Kwa shekhe huyu kijana alijifunza kutokuridhika na khabari iliyopokewa mpaka aipime kwa akili, na kuliuliza kila jambo limetoka wapi na limefikaje hapa lilipo.

Halafu ikaja tauni. Mwaka 749 H. maradhi yale yaliyotoka mashariki yakavuka bahari yaliingia Tunis, yakamwua baba yake, yakamwua mama yake, yakawaua na walimu wake walio wengi. Naye alikuwa na umri wa miaka kumi na saba tu. Wanavyuoni waliosalimika walirejea Fez, na mji uliokuwa umejaa darsa ukawa kimya. Mambo haya hayakumtoka moyoni maisha yake yote. Miaka mingi baadaye, alipoeleza sababu ya kuandika kitabu chake, aliitaja tauni ile kuwa ni jambo lililoubadilisha ulimwengu kiasi cha kuwa kama ulimwengu mwingine, likaivunja miji, likazifuta njia, likazidhoofisha dola na makabila, hata ikalazimu apatikane mtu wa kuyaandika upya mambo ya watu. Mtu aliyeuona ulimwengu ukigeuka mbele ya macho yake kwa mwaka mmoja hawezi kusadiki tena kuwa mambo ya jana yalikuwa sawasawa na ya leo.

Ama miaka yake iliyofuata, kwa zaidi ya ishirini, ilikuwa ni ya siasa, nayo ina fujo nyingi. Alianza Tunis katika mwaka 1352, kazi yake ni kuandika alama ya Sultani juu ya barua. Akatoka akaenda Fez kwa Sultani Abu Inan, akawa karibu naye. Kisha akatuhumiwa kuwa anafanya shauri na amiri mmoja mfungwa wa Bijaya, akatiwa gerezani mwaka 1357, akakaa humo karibu miaka miwili mpaka Sultani alipokufa. Akafunguliwa, akawa katibu wa Sultani mwingine, naye akauawa. Mwaka 1362 akavuka kwenda Granada, na huko akapokewa kwa heshima na Sultani Muhammad wa Tano na waziri wake Ibn al-Khatib, bingwa wa maneno katika zama zile.

Mwaka 1364 Sultani huyo alimtuma kwa Pedro, mfalme Mkristo wa Castilla, naye wakati huo alikuwa Sevilla. Basi Ibn Khaldun akaingia katika mji wa babu zake, akaona alama zao kwa macho yake, na mwenye mji ni mtu mwingine. Mfalme akapendezwa naye, akamwambia akae kwake naye atamrudishia mali ya wazee wake. Akakataa kwa adabu, akarudi Granada. Huenda hakuna siku iliyomfunza zaidi ya siku ile namna ufalme unavyotoka mkononi mwa watu na kuingia mkononi mwa wengine.

Kutoka hapo alikuwa hajibu wa amiri wa Bijaya. Amiri akauawa vitani na binamu yake mwaka 1366, na Ibn Khaldun ndiye aliyeutoa mji kwa mshindi. Kisha akawa Biskra, kisha Fez tena, mara akiwapelekea wafalme makabila ya jangwani yawasaidie, mara akiwakimbia wafalme wale wale. Rafiki yake Ibn al-Khatib alitiwa gerezani Fez akanyongwa, na juhudi za Ibn Khaldun za kumwombea hazikufaa kitu. Wako waliomlaumu kwa kuhamahama huku, wakasema alimtumikia kila aliyekuwa na nguvu na kumwacha kila aliyedhoofika. Lawama hii haina budi kukubaliwa kwa sehemu kubwa, ijapokuwa wafalme wenyewe wa zama zile hawakuwa na ahadi wala amana. Faida yake ni kuwa alizijua dola kwa ndani kama fundi anavyojua chombo alichokizibua mwenyewe.

Mwaka 1375 alichoka. Akachukua watu wa nyumba yake akaenda kujihifadhi kwa kabila la Awlad Arif, wakampa ngome moja peke yake juu ya kilima katika nchi ya Algeria ya leo, iitwayo Qal'at Ibn Salama. Akakaa huko karibu miaka minne, mbali na masultani wote, na vitabu vyake ni vichache. Huko ndiko alikoandika Mukaddima, yaani utangulizi wa tarikhi yake kubwa. Akaumaliza kwa muda wa miezi mitano tu katika mwaka 779 H., yaani 1377. Kisha akarudi Tunis kutafuta vitabu vya kuikamilisha tarikhi yenyewe.

Kitabu hiki ndicho kilichomfanya atajwe mpaka leo. Aliona kuwa waandishi wa tarikhi waliomtangulia hukosea makosa makubwa, na kosa lililojificha kuliko yote ni kusahau kuwa hali za watu hugeuka kwa kupita siku. Kosa hili, asema, ni kama maradhi yaliyositirika, hayaonekani ila baada ya muda mrefu, wala hawayatambui ila watu wachache. Mageuzi hayaji kwa ghafula. Kila taifa litwaapo ufalme huchukua desturi nyingi za waliotangulia, likaongeza na zake kidogo, na lifuatalo likafanya vivyo hivyo, mpaka mwisho desturi zikawa mbali kabisa na zile za mwanzo, wala hapana mtu awezaye kuonyesha siku zilipogeuka.

Mfano alioutoa juu ya jambo hili ni mzuri sana. Watu wa zama zake walisoma kuwa baba yake Hajjaj bin Yusuf alikuwa mwalimu, nao walimu wa zama zao walikuwa mafukara wanaotafuta riziki kwa kufundisha watoto. Basi wakastaajabu, mwana wa mwalimu fukara atawezaje kuwa liwali mkubwa wa dola ya Bani Umayya? Wengine hata wakaanza kutamani ufalme kwa hoja hii. Ibn Khaldun akawaeleza kuwa neno ni lile lile lakini jambo si lile lile. Mwanzo wa Uislamu kufundisha hakukuwa kazi ya ujira. Kulikuwa ni kufikisha yaliyopokewa kwa Mtume, Rehema na Amani zimshukie, na waliofanya hivyo ni watukufu wa makabila, wenye nguvu na heshima. Dini ilipokwisha kuenea na elimu zikawa nyingi, wakubwa wakashughulika na utawala, na kufundisha kukawa sanaa miongoni mwa sanaa, mikononi mwa wanyonge. Ndivyo desturi ibadilikavyo na jina lake likabaki.

Kisha akaeleza mwendo wa watu tangu maisha ya jangwa na mashamba mpaka maisha ya mijini. Maisha ya jangwa ndiyo ya kwanza na mji ni tawi lake, kwani mtu hutafuta kwanza kilicho dharura, kisha kilicho haja, kisha cha anasa. Watu wa jangwani wana umoja wa damu na kuteteana, nao aliuita asabia. Kwa nguvu hiyo huiteka miji na kusimamisha dola. Halafu watoto wao huzaliwa katika raha, na wajukuu wao husahau kabisa shida, wakawa kama wanawake na watoto wadogo wanaohitaji kulindwa, mpaka lije kabila jingine kutoka jangwani likawaondoe. Umri wa dola aliukadiria vizazi vitatu, kila kizazi miaka arobaini. Hesabu hii haiendi sawa kila mahali, maana Bani Abbasi walikaa Baghdadi miaka mia tano. Naye mwenyewe alijua kuwa dola yaweza kubakia kwa jina nguvu zake zikiwa zimekwisha kitambo.

Katika mlango huu mna neno moja ambalo kila taifa lililotawaliwa na wageni limelionja. Aliyeshindwa hupenda kumwiga aliyemshinda katika mavazi yake, vipando vyake na desturi zake zote, kwa kudhani kuwa ushindi ulitokana na mambo hayo, au kwamba mshindi ni mkamilifu. Akataja kuwa Waislamu wa Andalusi katika zama zake walikuwa wakiwaiga majirani zao Wakristo katika nguo na mapambo, hata kuchora sanamu katika kuta za nyumba. Naye akaona kuwa hiyo ni dalili ya kutawaliwa. Granada ilianguka mwaka 1492, miaka themanini na sita baada ya kufa kwake.

Ama sanaa, alizieleza moja moja: kilimo, ujenzi, useremala, ufumaji na ushonaji, ukunga, utabibu, uandishi, uimbaji. Zilizo sahali hutangulia, kwa kuwa zahitajiwa na kila mtu. Zilizo ngumu hufuata miji inapokuwa na watu wengi na mali, kwani hapo fikira za mafundi huzitoa aina mpya kutoka katika za kwanza, kidogo kidogo, mpaka zikakamilika. Hili haliwi kwa siku moja, lataka vizazi. Sanaa iliyokaa muda mrefu katika nchi hushika kama rangi katika nguo, haitoki upesi hata mji ukidhoofika. Na sanaa isiyotafutwa na watu hufa, fundi wake hana wa kumrithi.

Mtu wa pwani atasimama zaidi penye maneno yake juu ya ushonaji. Asema kuwa kuikata nguo vipande kwa kadiri ya viungo vya mwili na kuviunganisha kwa sindano ni jambo la watu wa mijini, ama watu wa jangwani hujizungushia kitambaa kama kilivyofumwa. Na hapo akaona siri ya kukatazwa kwa mwenye kuhirimia kuvaa nguo iliyoshonwa: Hija yamtaka mtu aziache anasa zote za dunia, arejee kwa Mola wake kama alivyoumbwa, na mshono ni katika anasa hizo. Basi mwenye kuvua kanzu yake iliyodariziwa na kujitanda shuka mbili nyeupe, kwa kauli hii, huwa amerejea nyuma ya sindano yenyewe, katika vazi la watu wa mwanzo.

Juu ya useremala alitaja merikebu. Umbo lake, asema, limeigwa kwa samaki, kwa namna anavyoogelea kwa mapezi na kifua chake, ili umbo hilo lisaidie chombo kupasua maji. Na mahali pa nguvu za samaki pakawekwa upepo, na pengine makasia. Mafundi wa visiwa vya Lamu, ambao wazee wao walishona mitepe kwa kamba za makumbi bila ya msumari, na baadaye wakaunda majahazi ya misumari kwa tumbo na mkuku wa namna nyingine, hawakuhitaji kusoma Mukaddima ili wajue kuwa chombo huzaliwa na chombo kilichotangulia. Lakini hapana katika waandishi wa Kiarabu wa kabla yake aliyelieleza jambo hili la sanaa kwa mpango kama wake.

Kadhalika vitabu. Zamani maandishi ya elimu na barua za wafalme zilikuwa katika ngozi zilizotengenezwa, kwa kuwa utungaji ulikuwa haba na mali ilikuwa nyingi. Vitabu vilipozidi na ngozi zikawa hazitoshi, al-Fadhl bin Yahya wa jamaa ya Barmaki, katika zama za Bani Abbasi, alishauri ifanywe karatasi; karatasi ikaenea, na sanaa ya kunakili, kusahihisha na kujalidi ikakua juu yake. Na khati nayo akaiona kuwa ni sanaa, hukamilika kwa ukubwa wa mji na hupungua kwa kudhoofika kwake. Akafika hata kusema kuwa mwandiko wa Masahaba katika Misahafu ya kwanza ulikuwa wa watu walio karibu na jangwa, na kwamba jambo hilo si upungufu katika haki yao, kwani ukamilifu wa sanaa za maisha si ukamilifu wa dini. Wako wanavyuoni wasioipenda kauli hii, nao wana hoja zao katika elimu ya rasmu.

Mahali palipozua maneno mengi zaidi ni pale alipotaja viumbe wenyewe. Alipotaka kueleza hali ya Unabii alianza kwa kumtazamisha msomaji mpango wa ulimwengu, namna vitu vilivyopangwa daraja juu ya daraja na kuungana. Madini yako chini, kisha mimea, kisha wanyama. Mwisho wa madini umeungana na mwanzo wa mimea, kama majani yasiyo na mbegu. Na mwisho wa mimea, kama mtende na mzabibu, umeungana na mwanzo wa wanyama, kama konokono na wadudu wa kombe, ambao hawana ila hisi ya kugusa. Na maana ya kuungana, kwa maneno yake, ni kuwa cha mwisho katika kila daraja kina matayarisho ya kuwa cha kwanza katika daraja inayofuata. Wanyama wakawa wengi, aina zao zikazidi, mpaka mwendo huo ukaishia kwa mwanadamu mwenye fikira, na daraja iliyo karibu naye kwa chini ni ya nyani, walio na werevu na utambuzi lakini hawakufikia kufikiri kwenyewe.

Neno hili la nyani liliwashtua watu. Katika baadhi ya chapa za Kiarabu neno qirada, yaani nyani, lilitokea kuwa qudra, nalo ni neno lisilo na maana mahali pale. Na kwa upande wa pili wako waliofurahi kupita kiasi, wakasema kuwa Ibn Khaldun ameitangulia elimu ya Charles Darwin, Mwingereza aliyetoa kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe mwaka 1859. Wote wawili wamempotosha. Ngazi hii ya viumbe haikuwa yake peke yake. Ikhwan as-Safa waliitaja kabla yake, na Miskawayh vile vile. Naye Jahiz wa Basra, katika kitabu chake cha wanyama, alikwisha kutaja namna wanyama wanavyolana na kujihifadhi wao kwa wao. Ibn Khaldun hakueleza kwa sababu gani aina moja yaweza kutoka katika nyingine, wala hakukusanya mifupa na ndege na kasa kama alivyofanya Darwin. Wala muradi wake haukuwa wanyama. Muradi wake ni kupanda juu: kama kila daraja inaungana na iliyo juu yake, basi juu ya mwanadamu kuna daraja ya Malaika, na roho za Manabii zina matayarisho ya kuifikia kwa muda mchache, zikapokea wahyi. Mwenye kuisoma sehemu ya nyani akaacha sehemu ya Manabii amesoma nusu ya hoja. Lakini ni kweli pia kuwa mwanachuoni wa Kimaliki, kadhi na hafidhi wa Kurani, hakuona haya wala khofu kumweka mwanadamu katika safu moja na viumbe wengine wa Mola wake, wala hapana aliyemshitaki kwa hilo katika zama zake.

Jambo jingine lahusu watu weusi. Hadithi ilikuwa imeenea kwa watu wa dini mbalimbali kuwa watu weusi ni kizazi cha Ham mwana wa Nuhu, na kwamba weusi wao ni laana ya baba yake. Na kwa hadithi hii wengi walijihalalishia utumwa. Ibn Khaldun aliikanusha wazi. Alisema kuwa katika Taurati hamna kutajwa weusi, na kwamba wenye kusema hayo hawajui tabia ya joto na baridi. Rangi, kwake, yatokana na hewa na ukali wa jua. Mtu mweusi akikaa katika nchi za baridi, vizazi vyake hugeuka weupe kwa kupita siku, na mtu mweupe akikaa katika nchi za joto huwa kinyume chake. Elimu ya leo yasema kuwa jua lina sehemu kubwa katika jambo hili, ingawa si kwa njia aliyoidhani wala si kwa upesi huo.

Lakini hapo hapo aliandika maneno mabaya juu ya watu wa kusini ya mbali, akawafanya karibu na wanyama katika tabia zao, wepesi wa kukubali utumwa. Maneno haya hayana udhuru wa kutosha. Aliyachukua kwa vitabu vya jiografia na kwa wasafiri, wala hakuyapima kwa mizani ile aliyowapimia wengine. Yeye mwenyewe aliandika khabari za wafalme weusi wa Mali, na Hija ya Mansa Musa ya mwaka 1324. Na alipoitaja nchi ya Zenji aliutaja mji wa Makdishu kuwa ni mji wenye watu wengi na wafanya biashara. Na mwaka mmoja tu kabla ya kuzaliwa kwake, yaani 1331, Ibn Battuta alikuwa amefika Makdishu, Mombasa na Kilwa, akasifu dini na ukarimu wa Sultani wa Kilwa.

Ibn Battuta huyo alirejea Fez, na Ibn Khaldun alisikia watu wa barazani wakinong'ona kuwa ni mwongo, kwa ajili ya khabari za ajabu alizozileta. Naye kwanza alikuwa pamoja nao. Akamwendea Waziri Faris bin Wadrar kulizungumza, na waziri akampa mfano: waziri mmoja alifungwa gerezani na mwanawe mdogo, kijana akakulia humo. Akamwuliza baba yake ile nyama waliyokuwa wakila ni ya nini. Akiambiwa ya kondoo, au ya ng'ombe, au ya ngamia, yeye hudhani kuwa ni mnyama mfano wa panya, kwani katika gereza hakuona mnyama ila panya. Ibn Khaldun akaukubali mfano huo, akautia kitabuni. Laiti angaliukumbuka alipoandika juu ya watu wa kusini.

Mwaka 784 H., yaani 1382, aliomba rukhsa ya kwenda Hija, akapanda merikebu kwenda Iskandaria, asirudi tena Maghribi. Kairo ilimshangaza kwa ukubwa wake. Akafundisha katika Jamii al-Azhar, na mwaka 1384 Sultani Barquq akamfanya Kadhi Mkuu wa Kimaliki. Jamaa zake walikuwa wamezuiliwa Tunis na Sultani wa huko ili yeye arudi. Barquq akawaombea, wakaachiwa, wakapanda chombo kuja Misri. Chombo kikakutwa na dhoruba kikazama kabla ya kufika, mkewe na watoto wake wakaghariki pamoja na mali yake na vitabu vyake. Aliyeondokewa na wazazi wake wawili kwa tauni akaondokewa sasa na watu wa nyumba yake kwa bahari. Katika kazi ya ukadhi alikuwa mkali, hakubali rushwa wala maombezi ya wakubwa, akawafukuza mashahidi wa uwongo; nao wakubwa wakamchukia, wakamteta hata kwa vazi lake la Kimaghribi ambalo hakuliacha. Akauzuliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1387 akahiji. Akarudishwa katika ukadhi na kuondolewa mara nyingi, jumla ya mara alizoushika ni sita.

Mwishoni mwa mwaka 1400 Sultani Faraj, mwana wa Barquq, alimchukua Shamu kupambana na Timur. Sultani akasikia khabari za fitina Misri akarudi mbio, akawaacha wanavyuoni ndani ya Dameski iliyozungukwa na jeshi. Wenye mji wakakhitalifiana, na mzee wa miaka sabini kwa hesabu ya mwezi akateremshwa kwa kamba kutoka juu ya ukuta mwezi wa Januari 1401, akaenda hemani kwa Timur. Akampa zawadi: Msahafu, msala, nakala ya Burda, na makasha manne ya halwa ya Misri. Akakaa naye siku thelathini na tano, wakizungumza habari za wafalme na asabia. Akamwandikia khabari za nchi ya Maghribi, wala kitabu hicho hakikupatikana tena. Akamsifu kupita kiasi, na maneno yale ya kumsifu ameyaandika mwenyewe katika khabari za maisha yake bila ya kuyaficha. Aliwapatia wenziwe amani, lakini mji haukusalimika. Uliporwa, na msikiti wa Bani Umayya ukashika moto. Timur akampenda punda nyumbu wake, akamtaka. Baadaye thamani yake ikaletwa Kairo, naye hakuipokea mpaka Sultani wa Misri amempa rukhsa. Alipokuwa njiani kurudi, mabedui walimvamia, wakamnyang'anya kila kitu hata nguo za mwilini, yeye aliyeandika juu ya mabedui kuliko mtu yeyote.

Akarudi Kairo, akaendelea kusahihisha kitabu chake na kuzidisha ndani yake, na kugombea ukadhi na mahasidi wake. Alikufa katika mwezi wa Ramadhani mwaka 808 H., nao ni Machi 1406, akiwa kadhi, muda mchache baada ya kurudishwa kwa mara ya sita. Akazikwa katika makaburi ya Masufi nje ya Bab an-Nasr, na mahali pa kaburi lake hapajulikani leo. Mukaddima ilichapwa kwa mara ya kwanza Bulaq, Misri, mwaka 1857, na Paris mwaka 1858.